Njiwa wa Mfanyakazi wa Duka

Harufu ya vinyesi vya njiwa juu ya bati lililopata mvua kidogo kisha likapigwa na jua haifanani na kitu kingine. Ina uchachu wa togwa iliyosahaulika, ina vumbi, na kwa mbali ina mtama. Nilikutana nayo mwezi uliopita Kariakoo, nilikokwenda kutafuta kitambaa cha mapazia, na miguu yangu ikakataa kwenda mbele. Nilikuwa nimesimama mbele ya jengo la ghorofa saba, chini wanauza vifuniko vya simu, juu sijui wanauza nini. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwetu.

Nieleze kwanza kwamba mimi ni mpenzi wa ndege. Si wa kuwafuga, ni wa kuwatazama. Jumapili asubuhi, wanawake wa rika langu wakiwa kanisani au sokoni, mimi huwa nimejibanza kwenye matope ya mikoko na darubini shingoni, nikihesabu mikanda ya mkia. Jirani aliwahi kumwuliza mwanangu kama mama yake ana kazi nyingine serikalini. Nina shahada mbili, hakuna hata moja inayohusu ndege, na nikiulizwa nilianzaje huwa natoa jibu la mzaha. Jibu la kweli ni filamu ya katuni niliyoiona nikiwa na miaka minane, filamu ambayo ndege wake walichorwa vibaya mno, na ambayo kwa miaka mingi niliichukia kwa kosa ambalo haikulifanya.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mali ya Bi Zuhura, mama wa Kiarabu aliyekaa chumba cha mbele na kujua kila aliyeingia na kutoka bila kuinua macho kwenye ushonaji wake wa kofia. Upande wa pili wa mlango Baba alikuwa na duka. Alitoka Kilimanjaro, na kama ilivyo kwa kila mwenye duka wa kutoka huko, watu walimwita Mangi, yaani chifu, ingawa hakuwahi kutawala hata kuku. Miaka ile duka lilikuwa jina tu. Rafu zilijaa maboksi matupu yaliyopangwa vizuri ili yaonekane yana kitu, na mbele yake chumvi, viberiti, dawa ya viatu, na siku ya neema mche mmoja wa sabuni uliokatwa vipande vyembamba hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililo upande wa pili.

Chumba cha uani alikaa Mjomba Sefu. Hakuwa mjomba wangu kwa damu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, shingo kama ya korongo, na juu ya bati la jikoni alikuwa na banda la njiwa kumi na saba. Kila mmoja alikuwa na jina. Ninayemkumbuka zaidi ni Karani, mweupe mtupu, aliyetembea ukingoni mwa bati akiinamisha kichwa kama mtu aliyebeba mafaili. Sefu aliishi kwa ndege. Aliwatibu kuku wa watu ndui, alitengeneza matundu, aliuza makinda ya njiwa kwa walioyataka, na alipopata kitu alikula, alipokosa alikula kwetu. Kazi hiyo haikuwa na jina, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Ni yeye aliyenifundisha kumshika njiwa: miguu katikati ya vidole, kidole gumba juu ya mabawa, usibane, usilegeze. Ukimshika hivyo unausikia moyo wake kwenye kiganja, unakwenda kama cherehani. Aliniita Mangi mdogo. Nilimpenda kwa namna ambayo mtoto humpenda mtu mzima asiyemwuliza habari za shule.

Nilikuwa na kitabu kimoja, cha kutafsiriwa, karatasi nene, kutoka mojawapo ya zile nchi rafiki zilizotuletea matrekta na kalenda. Kilihusu mfalme aliyekosa usingizi, akaamuru ndege wote wa nchi wakusanywe na nyimbo zao zitiwe kwenye chupa, ili azifungue moja moja usiku. Mzee mmoja fukara akawaficha njiwa wake. Walinzi walipofika, wakamwuliza msichana mdogo aliyeishi naye, mzee huyu anafuga nini? Msichana akajibu, "Ananifuga mimi tu." Walinzi wakacheka, wakaenda zao. Nilikijua kitabu kile kwa moyo, hadi doa la mafuta ya taa kwenye ukurasa wa tisa.

Basi shuleni tukatangaziwa kwamba hadithi ileile imetengenezwa filamu ya katuni, na Jumamosi asubuhi itaonyeshwa bure mjini kwa watoto wa shule. Baba hakuweza kuacha duka, hata kama hakukuwa na cha kuuza, kwa hiyo akanipeleka Sefu. Tulikwenda kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, mimi na gauni la Krismasi, yeye na unyoya mmoja begani ambao sikumwambia.

Filamu ilikuwa katika lugha ya kwao. Pembeni ya pazia la sinema alisimama mwalimu mmoja na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili kila kilichosemwa, sauti yake ikibadilika kuwa ya mfalme, ya mzee, ya msichana. Alikuwa fundi. Tulimsahau kabisa, tulidhani picha zenyewe ndizo zinazosema.

Sefu hakusahau kitu. Njiwa wa kwanza alipotua tu, akaguna. Alipotua wa pili, akasema kwa sauti ya kusikika mistari mitatu mbele kwamba ndege akitua hufungua mkia, na huyu mkia umefungwa kama mwavuli, angekuwa amevunjika shingo. Njiwa wa filamu walikuwa na kope. Magoti yao yalikunjika kama ya watu. Walipiga mabawa kama kuku anayefukuzwa. Mama mmoja akamgeukia akamwambia, "Kaka, kama unawajua sana si ungekaa nao nyumbani," na watu wakacheka, na Sefu akacheka pia, lakini hakuacha kuguna.

Nami nilikuwa na mashaka yangu. Walinzi walipofika kwa mzee, mmoja akapiga goti mbele ya msichana na kumwuliza. Nikalitamka jibu midomoni kabla hajasema. Lakini mwalimu wa kipaza sauti, kwa sauti nyembamba ya msichana, akasema, "Anafuga ndege. Mimi sisemi uongo." Pazia lote likajaa walinzi. Wakaweka mikuki chini, wakafunika nyuso kwa viganja, mabega yao yakawa yanatikisika. "Wakalia," akasema mwalimu, "kwa kuwa hawajapata kumwona mtoto mkweli kama huyu." Wakaenda zao bila kumgusa mzee. Baadaye, kama kitabuni, mfalme mwenyewe alimkamata mzee kwa ujanja mwingine, na msichana akafungua banda, na njiwa wote wakaruka wakajipanga angani, wakamfuata hadi ikulu, wakamrudisha nyumbani wamembeba kwa pindo za kanzu.

Njiani kurudi nilimwuliza Sefu ipi ni sahihi, ya kitabuni au ya kwenye sinema. Alikuwa bado na hasira ya mikia. Akaniambia habari za msichana hazijui, yeye alikuwa anatazama ndege, na aliyewachora hajawahi kumshika hata mmoja. Halafu akasimama, nakumbuka alisimama, karibu na bomba la maji lililokuwa linavuja.

"Lakini lile la mwisho ndilo uongo mkubwa," alisema. "Njiwa harudi kwa mtu, Mangi mdogo. Anarudi bandani. Hata ukiondoka, hata ukilibomoa banda, yeye anarudi palepale."

Nilisikia, lakini sikuamini. Kwa akili yangu ya miaka minane, kitabu kilikuwa kidogo, cha picha nyeusi na nyeupe. Sinema ilikuwa kubwa kuliko nyumba, tena ya rangi, tena imekuja baadaye. Shuleni kazi ya kwanza huwa na makosa, na inayokuja baadaye ndiyo iliyosahihishwa. Nikahitimisha kwamba wenye hadithi wameona walikosea, wakarekebisha.

Haukupita muda redio ikaanza kusema kila siku kwamba hakuna mtu mwenye nguvu zake atakayekaa mjini bila kazi. Wasio na kazi watapelekwa vijijini wakalime. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho, akazima redio, akamwita Baba barazani. Sikusikia walichozungumza. Asubuhi iliyofuata Sefu alikuwa amesimama nyuma ya kaunta yetu, amevaa koti la kaki la Baba ambalo mikono yake ilimwishia chini kidogo ya viwiko, na penseli sikioni. Baba alikuwa amemwandikia barua ya ajira na kuipiga muhuri wa duka.

Bi Zuhura akapita na kikapu chake, akatazama rafu, akawatazama wao wawili. "Mashaallah. Duka halina kitu, lina wafanyakazi wawili."

Sefu alikuwa mfanyakazi mbovu kupindukia. Mteja akiulizia chumvi, yeye alikuwa ametoka nje kutazama mwewe. Lakini kila jioni, kabla ya chakula, Baba alinisimamisha mbele yake na kuniuliza, kama mtu anayemsikiliza mtoto sala. Mjomba Sefu anafanya kazi gani? Ni mfanyakazi wa duka la Baba. Tangu lini? Tangu zamani. Baba aliitikia kwa kichwa akaridhika. Hakunieleza kwa nini. Watu wa kizazi chake hawakuwaeleza watoto kwa nini, na mimi nilidhani ni mojawapo ya mambo ya kukariri, kama majina ya mikoa.

Walikuja siku nilipokuwa nimerudi mapema kutoka shule, jua la saa tano. Wanaume watatu, mmoja na daftari. Nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba vizuri kabisa. Mwenye daftari alikuwa na sauti ya upole na kalamu mbili mfukoni. Akaisoma barua ya Baba, akairudisha, akasema iko sawa. Kisha akalitazama koti la Sefu. Begani kulikuwa na vinyesi, vibichi. Akatazama rafu, akatazama maboksi yale, akaliinua moja kwa kidole kimoja. Akaliweka tena. Halafu akachuchumaa mbele yangu, goti moja chini.

Goti lile ndilo lililoniponza. Kama angeuliza akiwa amesimama, huenda ningejibu kama nilivyofundishwa. Lakini alipiga goti sawasawa na mlinzi wa kwenye pazia.

"Mwanangu, huyu mjomba anafanya kazi gani?"

Nilimwona Baba. Uso wake haukuwa na kitu. Nilimwona Sefu, naye alikuwa ananitazama kama anavyotazama kinda linalojaribu kuruka kwa mara ya kwanza. Nikajua saa imefika ya kumwokoa moja kwa moja, si kwa barua, si kwa koti la kuazima. Nikanyoosha mgongo.

"Anafuga ndege," nikasema. "Mimi sisemi uongo."

Nikasubiri mabega yatikisike. Na yalitikisika. Wale wawili wa nyuma walianza, kisha mwenye daftari naye akainama, akafunika uso kwa kiganja. Walikuwa wanacheka. Walicheka kwa muda mrefu, bila ubaya wowote, kama watu waliopumzishwa katikati ya kazi ngumu, na mwenye daftari akanipapasa kichwani. Kisha akainuka, akamwambia Sefu twende.

Sefu alivua koti. Alilikunja mikono ndani, akaliweka juu ya kaunta, akaichomoa penseli sikioni akaiweka juu ya koti. Kwa Baba alisema, "Mangi, usimpige." Kwangu alisema, "Uwape maji kwanza. Mtama baadaye." Wakatoka. Bi Zuhura alisimama mlangoni kwake na sindano mkononi, na ndiyo mara pekee niliyomwona ameinua macho kutoka kwenye kofia.

Baba hakunipiga. Aliingia nyuma ya kaunta akaanza kupanga maboksi upya.

Mimi sikulia, kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha. Nilijua kinachofuata. Nikapanda juu ya pipa, kutoka kwenye pipa nikapanda bati la jikoni linalochoma nyayo, nikafungua mlango wa banda. Wakatoka wote, Karani wa mwisho. Walipanda wakazunguka juu ya nyumba, wakapanua mzunguko hadi kwenye miavuli ya zege ya paa la soko jipya, mabawa yakimeta wakati wa kugeuka. Nikawaonyesha kwa mkono upande wa stesheni ya reli, maana Bi Zuhura alikuwa amewahi kusema huko ndiko wanakopelekwa waliokamatwa. Nikawasubiri wajipange.

Walizunguka mara tatu. Kisha wakashuka, mkia umefunguliwa barabara kila mmoja, wakatua ukingoni mwa bati, wakaingia bandani mmoja mmoja kama watu wanaotoka kazini.

Nikawafukuza. Nikapiga bati kwa mwiko. Wakaruka, wakazunguka, wakarudi. Nikashuka nikaleta mkaa kutoka kwenye gunia la jikoni, nikaanza kuwarushia, nikiwatukana kwa matusi yote niliyoyajua, ambayo namshukuru Mungu hayakuwa mengi. Kipande kimoja kilimpata Karani kwenye bawa. Hakuumia. Aliruka kidogo pembeni, akanitazama kwa jicho moja, akaingia ndani na bawa lake jeupe limechorwa mstari mweusi.

Mstari ule ulikaa wiki nyingi, hadi manyoya yale yalipopukutika. Kila asubuhi ulikuwepo ukingoni mwa bati, ukitembea na mafaili yake. Baba aliuona. Alianza kupanda mwenyewe kuwapa maji, kisha mtama, mtu mnene wa miaka hamsini aliyekuwa anaogopa ngazi, na mtama wenyewe ulikuwa wa kutafutwa kwa foleni. Sefu hakurudi. Mtu mmoja alisema alimwona Morogoro. Mwingine alisema aliruka kutoka kwenye treni kabla ya Dodoma. Bi Zuhura alipokea salamu zake mara moja kutoka kwa dereva wa lori, kwamba yuko mzima, analima kunde, na huko aliko njiwa ni wa mwituni tu. Salamu zile zilikuwa za nyumba nzima. Nilihesabu majina yote yaliyotajwa, na langu halikuwemo. Sijui kama aliliacha yeye au dereva alilisahau njiani, na hilo nimeliwaza usiku mwingi zaidi ya ninavyopenda kukiri.

Nilikua nikiilaumu filamu. Chuoni niliwahi kuandika insha nzima kuhusu wasanii wanaoharibu vitabu, nikapata alama nzuri, na sikumwambia mhadhiri nilichokuwa nikikiandika hasa. Kila nilipotazama ndege wa kweli kwa darubini, nusu ya moyo wangu ilikuwa inawasahihisha wale wa kuchorwa.

Miaka michache iliyopita mwanangu aliipata kwenye simu. Ilikuwa imefifia, imekatikakatika, lakini ni yenyewe, na njiwa wake na kope zao. Nilimwita mwenzangu wa kazini aliyesoma nchi ile miaka sita, nikampikia pilau ili aje anitafsirie. Tulifika pale mlinzi anapopiga goti. Msichana akafungua mdomo. Nikamwomba asimamishe.

"Amesema nini?"

Mwenzangu alikuwa anatafuna. "Amesema, ananifuga mimi tu."

"Na hawa, wanalia?"

Akanitazama. "Wanacheka. Huoni? Ameshawaweza."

Kumbe filamu haikubadilisha kitu. Ilikuwa imefuata kitabu neno kwa neno. Ni mwalimu yule wa kipaza sauti, mwema, mzalendo, aliyeona ukumbi umejaa watoto wa taifa changa na akaona haifai wafundishwe kudanganya walinzi. Akarekebisha sentensi mbili tu. Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe ni mwalimu, na sentensi mbili nimezirekebisha mara nyingi. Lakini tangu siku ile sina tena wa kumchukia, na chuki ile ilikuwa imenishika mkono muda mrefu.

Jambo moja zaidi, ambalo nililiona kwa macho yangu na kulielewa nikiwa mtu mzima. Mwaka uliofuata kukamatwa kwa Sefu walikuja watu wengine, safari hii kwa ajili ya usafi, wakauliza njiwa wale wa juu ya bati ni wa nani. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia la chumvi. Hawakuniuliza mimi, na Baba hakungoja waniulize.

"Ni wa mfanyakazi wangu wa duka," alisema. "Yuko likizo."

Aliwajibu hivyo wote waliokuja, miaka yote, hadi duka lilipojaa tena bidhaa, hadi alipoliuza. Koti lilibaki limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Hakulivaa tena yeye wala hakumpa mtu.

Basi mwezi uliopita nimesimama mbele ya ghorofa saba, harufu ile inashuka kutoka juu. Nikainua kichwa. Juu ya viyoyozi vya ghorofa ya kwanza, takriban kimo cha bati la jikoni letu, walikaa njiwa ishirini, labda zaidi. Hakuna banda. Hakuna hata mahali pa kuweka mguu vizuri. Mmoja mweupe alitua mbele yangu, mkia wazi kabisa.

Mlinzi wa jengo alinisogelea, kijana mwenye filimbi. Nadhani aliona mama mtu mzima amesimama katikati ya njia anafuta macho kwa leso, akaingiwa na wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Unatafuta duka gani?"

Nikaitikia marahaba, nikamwambia natazama njiwa. Akasema hao ni kero, wanachafua nguo za wateja, wamefukuzwa kwa kila namna na bado wanarudi, hata hajui ni wa nani.

Nilikuwa nimechelewa miaka arobaini. Nikanyoosha mgongo hata hivyo.

"Wana mwenyewe," nikasema. "Ni mfanyakazi wa duka la baba yangu. Yuko likizo."

Kijana aliwatazama, akanitazama mimi, akaona hakuna haja ya kubishana.

"Basi akirudi mwambie aje awachukue."

"Nitamwambia," nikasema.